Shajara ya Safari kutoka Kitabu cha Zamani: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Shajara za safari zinazotengenezwa kwa mkono huharibika kwa njia zilezile. Jalada linapinda gundi ikikauka. Kurasa zinachomoka kwa sababu uzi umekata karatasi. Au, na hili ndilo linalowakatisha tamaa wengi, shajara inakataa kufungika hata kabla safari haijafika nusu: tiketi, ramani na picha zimeunenepesha ukingo wa mbele, mgongo umebaki na unene uleule, na jalada limeachama.

Tatizo hilo la mwisho halitibiwi kwa lastiki ngumu zaidi. Huzuiwa mapema, kazi ikiwa bado mezani, kwa kuacha nafasi mgongoni. Shajara ya safari inatakiwa kuondoka nyumbani kurasa zake zikiwa nyembamba kuliko mgongo wa jalada. Hatua inayohusu jambo hilo nimeieleza kwa kirefu, nawe ipe muda.

Kazi yenyewe ya mikono huchukua saa chache. Kinachochelewesha ni gundi, kwani inakaushwa mara mbili, kila mara usiku mzima chini ya uzito. Anza siku tatu au nne kabla ya kuondoka, si usiku wa kuamkia safari.

## Vitu vya kuandaa

- Kitabu kimoja cha zamani chenye jalada gumu
- Karatasi za A3 zipatazo 15, uzito wa gramu 100 hadi 120 kwa mita ya mraba
- Kipande cha kitambaa cha pamba kilichofumwa vizuri, kisichonyumbuka
- Karatasi mbili nzuri za kufunika upande wa ndani wa jalada
- Gundi nyeupe ya maji na brashi bapa
- Kisu cha kukatia karatasi chenye wembe mpya, rula ya chuma na ubao wa kukatia
- Uzi wa kitani au uzi imara wa kushonea ngozi, unene wa nusu milimita hivi
- Nta ya nyuki au kipande cha mshumaa
- Sindano butu ya kushonea na sindano nene yenye ncha kali ya kutobolea
- Vibanio vya karatasi, penseli na kijiko cha chuma
- Lastiki bapa, urefu wa sentimita 30
- Karatasi ya nailoni na vitabu vizito vya kugandamizia

Usitumie uzi wa cherehani. Ni mwembamba mno, na uzi mwembamba ukivutwa hukata karatasi vizuri kuliko hata wembe. Gundi ya kukausha kwa haraka nayo iache. Ikikauka inakuwa ngumu, na bawaba ya jalada, yaani sehemu inayokunjika kati ya jalada na mgongo, inahitaji gundi inayokubali kukunjwa kila siku.

## Hatua ya 1: Chagua kitabu kinachostahili kukatwa

Tafuta kitabu kinachokaribia ukubwa wa A5, yaani sentimita 15 kwa 21, chenye mgongo bapa wa upana wa milimita 15 hadi 25. Mgongo wa mviringo unafaa pia, ila mistari ya mashimo huwa migumu kunyooka, kwa hiyo mara ya kwanza uepuke. Jalada lililofunikwa kwa kitambaa ni bora kuliko la karatasi, kwa sababu bawaba ndiyo sehemu inayofanya kazi kuliko zote, na karatasi ikikunjwa mara nyingi hupasuka.

Fungua na ufunge jalada mara kadhaa ukitazama bawaba zote mbili. Zikiwa na nyufa, tafuta kingine. Kisha kinuse. Harufu nzito ya uvundo, au madoa ya kijani na kijivu yenye ungaunga, ni dalili ya ukungu. Ukungu haukai kwenye kurasa tu, huingia hadi ndani ya kadibodi ya jalada, na ukikifungia kitabu hicho ndani ya begi la safari, ukungu huo utaamka.

Kuna vitabu visivyopaswa kukatwa kabisa: chenye sahihi ya mwandishi, chenye maandishi ya mtu wa familia, au kilicho adimu. Kwa mashaka yoyote, muulize muuza vitabu vya zamani kabla hujagusa wembe.

Onyo: usitumie kitabu cha karne ya 19 chenye jalada la kitambaa cha kijani kinachong'aa. Baadhi ya majalada ya miaka ya katikati ya karne hiyo yalitiwa rangi yenye arseniki, ambayo ni sumu. Huko Marekani, jumba la makumbusho la Winterthur na Chuo Kikuu cha Delaware wamekuwa wakivitambua vitabu hivyo kupitia mradi ulioanza mwaka 2019. Kukata jalada kama hilo ni kurusha vumbi lake hewani.

## Hatua ya 2: Toa kurasa bila kujeruhi jalada

Fungua jalada la mbele lilale bapa mezani. Mahali jalada linapokutana na ukurasa wa kwanza kuna mstari wa bonde. Pitisha wembe juu ya mstari huo kwa wepesi, ukikata karatasi tu. Chini yake utaona kitambaa cha wavu au mikanda myembamba iliyoshika kurasa. Ikate nayo, taratibu, kwa kupitisha wembe mara tatu au nne.

Makosa hapa ni kukata kwa mkupuo mmoja kwa nguvu. Wembe unavuka karatasi, unaingia kwenye kitambaa cha nje, na bawaba inakuwa imekwisha kabla kazi haijaanza.

Geuza kitabu, fanya vivyo hivyo nyuma, kisha inua kurasa zote kwa pamoja. Kama mgongo umeng'ang'ania, usivute. Ingiza rula kati ya kurasa na mgongo uiteleze juu hadi chini.

Umefanikiwa ikiwa: una jalada zima lenye sehemu tatu zilizoshikana, mbele, mgongo na nyuma, na ukilinyanyua kwa kona moja halichaniki.

Kurasa ulizotoa usizitupe. Jaribu karatasi yake kwa kukunja kona moja mbele na nyuma mara mbili. Ikivunjika, karatasi hiyo imechakaa kwa asidi, jambo la kawaida kwa karatasi za rojo ya mbao, na haiwezi kubeba uzi. Isipovunjika, chagua kurasa chache zenye picha, ramani au jina la kitabu. Tutazihitaji.

## Hatua ya 3: Imarisha mgongo

Mgongo wa kitabu cha kawaida haukutengenezwa kutobolewa. Mara nyingi ni kitambaa chembamba na ukanda wa karatasi. Ukiushona ulivyo, mashimo yatageuka mstari wa kuchania.

Kata kitambaa cha pamba chenye upana wa mgongo pamoja na sentimita 3 kila upande. Kwa mgongo wa milimita 20, upana unakuwa sentimita 8. Urefu uwe pungufu ya jalada kwa sentimita moja, ili kingo zisichungulie nje.

Laza jalada bapa, upande wa ndani ukiwa juu. Paka gundi mgongoni na kwenye sentimita 3 za kila jalada, tabaka jembamba lililoenea sawasawa. Bandika kitambaa kuanzia katikati ya mgongo ukienda nje. Sasa chukua kijiko na, kwa ukingo wa mpini wake, kandamiza kitambaa kiingie ndani ya mifereji miwili ya bawaba hadi kishike chini kabisa.

Hapo kwenye mifereji usiwe na haraka. Ukikiacha kitambaa kipite juu ya mfereji kama daraja, kila jalada litakapofunguliwa kitavutwa, na baada ya wiki kitabanduka. Ukimaliza, funga na ufungue jalada mara tatu gundi ikiwa bado mbichi, halafu pitisha kijiko tena.

Funika kwa nailoni, weka vitabu vizito juu, uache usiku mzima.

Umefanikiwa ikiwa: asubuhi jalada linafunguka na kufunga bila kukwaruza, na unaona mistari miwili ya mifereji wazi kwenye kitambaa.

## Hatua ya 4: Lastiki na karatasi za ndani

Lastiki huja kabla ya karatasi za ndani, kwa sababu ncha za lastiki zinafichwa chini ya karatasi hizo. Toboa matundu mawili kwenye jalada la nyuma, moja juu na jingine chini, kila moja sentimita 1.5 kutoka ukingo wa mbele na sentimita 2 kutoka ukingo wa juu au wa chini. Ingiza ncha za lastiki kutoka nje kwenda ndani, vuta hadi lastiki iliyo nje ilale bila kubana, kisha zigundishe zikiwa bapa. Usiikaze. Lastiki iliyokazwa leo itakunja kadibodi shajara ikishanenepa.

Kata karatasi mbili za kufunika ndani, ndogo kuliko kila jalada kwa milimita 4 kila upande, na ziishie milimita 3 kabla ya mfereji wa bawaba. Karatasi ikiingia kwenye bawaba itachanika, kitambaa hakitachanika.

Hapa ndipo majalada mengi yanapopinda, na sababu yake inaeleweka. Gundi ya maji huloanisha karatasi, karatasi inatanuka, kisha ikikauka inanywea na kuvuta kadibodi upande wake. Dawa ni mbili. Kwanza, tumia gundi kidogo, nzito, bila kuichanganya na maji. Pili, usiache jalada likauke likiwa wazi hewani hata kwa nusu saa. Likitoka tu kupakwa, liwekwe nailoni na uzito, na libaki hapo usiku mzima.

Wakati linakauka, andaa kurasa.

## Hatua ya 5: Kata na kunja karatasi

Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi, na nyuzi hizo zinapaswa kwenda sambamba na mgongo. Zikikaa hivyo, mkunjo unalala vizuri na ukurasa ukifunguliwa unatulia. Zikikatiza mgongo, mkunjo unapasukapasuka na kurasa zinajirudisha zenyewe wakati unaandika.

Ndiyo maana nimesema A3. Karatasi nyingi za A4 za ofisini zina nyuzi zinazofuata urefu wake, kwa hiyo ukiikunja katikati kupata A5 unazikata nyuzi kwa kukatiza. Karatasi ya A3 yenye nyuzi zinazofuata urefu, ukiikata katikati upande wa urefu, inakupa A4 mbili zenye nyuzi za kufaa. Kuhakikisha, pinda karatasi kidogo bila kuikunja, kwanza upande mmoja, kisha mwingine. Upande unaopinda kwa ulaini ndio unaofuata nyuzi. Ukikosa A3, tumia A4 hiyohiyo, ila iache chini ya uzito usiku mzima baada ya kukunja.

Kunja kila karatasi peke yake, ukipitisha mgongo wa kijiko kwenye mkunjo, kisha zipange sita sita, moja ndani ya nyingine. Kila kundi la karatasi sita ni kijitabu kimoja chenye kurasa 24. Vijitabu vinne vinakupa kurasa 96.

Ukishapanga, utaona karatasi za katikati zimechomoza mbele kuliko za nje. Hilo ni kawaida. Pima jalada likiwa limefungwa, kutoka mgongoni hadi ukingoni, toa milimita 5, huo ndio upana wa ukurasa. Kwa urefu toa milimita 6, ili jalada lizidi milimita 3 juu na 3 chini. Bana kijitabu, weka rula, upitishe wembe mara nyingi kwa wepesi hadi karatasi ya mwisho.

## Hatua ya 6: Nafasi ya vitu utakavyookota

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka.

Karatasi ya gramu 120 ina unene wa karibu milimita 0.15. Vijitabu vinne vya karatasi sita vina majani 48, yaani milimita 7 na ushei zikigandamizwa. Kwa mgongo wa milimita 20 hiyo ni chini ya nusu, na wengi wakiona hivyo huongeza karatasi mpaka mgongo ujae. Usiongeze. Kanuni ninayoifuata ni kwamba kurasa tupu zisizidi theluthi mbili ya upana wa mgongo, na kwa mtu anayependa kubandika vitu, zisizidi nusu.

Lakini kuacha nafasi peke yake hakutoshi. Tiketi inabandikwa katikati ya ukurasa, haibandikwi mgongoni, kwa hiyo unene unaongezeka mbele tu. Lazima mgongo nao unenepeshwe kwa makusudi. Kata vibanzi vya karatasi ileile, upana wa sentimita 5 na urefu sawa na ukurasa. Vikunje katikati, kila upande ubaki sentimita 2.5. Weka vibanzi viwili ndani ya kila kijitabu, kimoja baada ya karatasi ya pili, kingine baada ya nne. Vitashonwa pamoja na karatasi na kubaki mgongoni, vikiwa unene wa akiba.

Vibanzi hivyo vina faida nyingine kubwa. Ukiwa safarini ukapata ramani ya kukunjua, picha kubwa au barua, unaigundisha kwenye kibanzi na inakuwa ukurasa kamili, bila kuunenepesha ukurasa wa jirani.

Zile kurasa za kitabu cha zamani ulizochagua ziingize hapa pia, moja au mbili kwa kila kijitabu. Zikiwa jozi iliyoshikana kwa mkunjo wake wa asili, ni rahisi. Ukurasa ulio peke yake ugundishe kwenye kibanzi. Mimi hupenda ukurasa wenye jina la kitabu uwe wa kwanza kabisa kuonekana jalada linapofunguliwa. Kitabu kilikuwa na maisha yake, na ni heshima ndogo tu kuyaacha yaonekane.

Umefanikiwa ikiwa: vijitabu vyote vikirundikwa na kubanwa kwa kiganja, upande wa mgongo ni mnene kidogo kuliko upande wa mbele.

## Hatua ya 7: Toboa

Kata ukanda wa karatasi wenye urefu wa ukurasa. Kwa urefu wa milimita 210, weka alama tano: milimita 15, 60, 105, 150 na 195. Ukurasa wako ukiwa mfupi zaidi, acha milimita 15 kila mwisho na ugawanye sehemu iliyobaki mara nne. Andika "juu" kwenye ncha moja ya ukanda. Usipofanya hivyo utaugeuza bila kujua, na shimo likikosea hata milimita moja kurasa zitapanda na kushuka.

Fungua kijitabu, laza ukanda ndani ya mkunjo, toboa kutoka ndani kwenda nje katikati kabisa ya mkunjo. Rudia kwa vijitabu vyote.

Mgongoni, gawanya upana kwa idadi ya vijitabu pamoja na moja. Milimita 20 kwa tano ni 4, kwa hiyo chora mistari minne kwa penseli upande wa ndani, kwenye milimita 4, 8, 12 na 16. Tumia ukanda uleule kuweka alama tano kwenye kila mstari, ukiwa katikati ya urefu wa jalada, kisha toboa juu ya ubao wa kukatia. Matundu yawe madogo, sindano butu ipite kwa kusukumwa kidogo.

## Hatua ya 8: Shona

Kata uzi mara tatu ya urefu wa mgongo kwa kila kijitabu. Upitishe kwenye nta mara mbili tatu. Nta inaufanya uzi ushike fundo na usichakae kwenye matundu.

Yape matundu namba, 1 juu hadi 5 chini. Weka kijitabu cha kwanza kwenye mstari wake, ukibane na jalada kisicheze, kisha:

1. Anzia ndani ya kijitabu. Toka nje kwa tundu la 3, ukiacha mkia wa sentimita 10 ndani.
2. Nje, nenda tundu la 2, ingia ndani.
3. Ndani, nenda tundu la 1, toka nje.
4. Nje, rudi tundu la 2, ingia ndani.
5. Ndani, ruka tundu la 3, nenda tundu la 4, toka nje.
6. Nje, nenda tundu la 5, ingia ndani.
7. Ndani, rudi tundu la 4, toka nje.
8. Nje, nenda tundu la 3, ingia ndani.

Sasa mikia yote miwili iko ndani, kwenye tundu la 3. Hakikisha mmoja uko kulia na mwingine kushoto kwa ule uzi mrefu unaotoka tundu la 2 kwenda la 4. Kaza, funga fundo mara mbili juu ya uzi huo, kata mikia ibaki sentimita moja.

Onyo: unapokaza, vuta uzi ukifuata urefu wa mgongo, juu au chini. Ukiuvuta kuelekea kwako, uzi unakata karatasi kutoka kwenye tundu hadi kwenye ukingo wa mkunjo, na karatasi iliyochanika hapo haishoneki tena. Pia, ukirudia tundu la 2 na la 4, angalia ncha ya sindano isichome uzi uliokwishapita. Ukiuchoma, hautakazika.

Umefanikiwa ikiwa: nje unaona mshono mmoja ulionyooka usio na pengo, na kijitabu ukikisukuma kwa kidole hakisogei juu wala chini. Shona vingine vitatu vivyo hivyo. Kimoja kikilegea, kata uzi wake peke yake ukishone upya, kwa kuwa kila kijitabu kinajitegemea. Ndiyo sababu nimechagua mshono huu badala ya ile mizuri zaidi inayounganisha vijitabu vyote kwa uzi mmoja: ukikatika safarini, unapoteza kurasa 24, si shajara nzima.

## Hatua ya 9: Mfuko wa nyuma

Kunja karatasi nene iwe ndogo kidogo kuliko jalada la nyuma, na igundishe pande tatu, mdomo ukielekea mgongoni ili vitu visidondoke shajara ikifunguliwa. Basi, shajara imekamilika. Iweke chini ya uzito saa chache mfuko ukauke.

## Ukiwa safarini

Beba gundi ya kijiti badala ya gundi ya maji. Haikunji karatasi, na ndani ya begi haimwagiki. Beba pia sindano butu na mita moja ya uzi uliotiwa nta, ukiwa umezungushwa kwenye kipande cha kadibodi ndani ya mfuko wa nyuma.

Risiti na tiketi nyingi huchapwa kwenye karatasi inayoandikwa kwa joto. Maandishi yake hufifia kwa jua na joto, na gundi nayo huweza kuyafuta. Nakili tarehe, mahali na kiasi kwa kalamu pembeni yake siku hiyohiyo, na ukiibandika, paka gundi kingo tu.

Majani na maua yakauke kwanza katikati ya karatasi mbili za kufyonza maji kabla hayajakaribia shajara. Unyevu wa jani moja bichi unatosha kuleta ukungu kwenye kurasa za pembeni.

Ukiona ukingo wa mbele umeanza kuwa mnene kuliko mgongo, acha kubandika katikati ya kurasa na uhamie kwenye vibanzi vilivyobaki. Vibanzi vikiisha, vitu vingine vyote viende kwenye mfuko wa nyuma hadi utakaporudi.